Mkono wa roboti wenye kasi: somo linaloweza kuanzia katika karakana za Masasi na Newala

Na Mwandishi Wetu

Wazee wa Masasi na Newala wanaikumbuka vyema historia ya viwanda vya korosho vilivyosimama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Serikali ilijenga kwa mkopo wa Benki ya Dunia viwanda vikubwa vya kubangua korosho kwa mitambo, vikiwemo vya Masasi na Newala. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Wakati huohuo uzalishaji wa korosho, uliokuwa umefikia takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vikakosa malighafi. Vipuri navyo vilipaswa kuagizwa nje kwa fedha za kigeni ambazo nchi ilikuwa na uhaba nazo. Mitambo mingi ikanyamaza.

Historia hiyo ina mafunzo mengi, na makala haya yanashika moja tu: mashine ambayo hakuna jirani anayeielewa huanza kufa siku inapoharibika mara ya kwanza. Leo, wakati Taifa likihimiza korosho ibanguliwe nchini badala ya kusafirishwa ghafi, na wakati shule zikianza kutekeleza mkondo wa elimu ya amali, lipo swali la kujiuliza. Kijana wa Newala au Masasi ataanzia wapi kuzielewa mashine zinazojiendesha, ilhali hana kiwanda cha kujifunzia?

Jibu mojawapo ni dogo na la bei nafuu, nalo ni kujitengenezea mkono wa roboti nyumbani, kama kazi ya kujifunza na kujifurahisha. Katika sehemu nyingi za dunia vijana na watu wazima hufanya hivyo kwa mbao, plastiki na mota ndogo, kisha hushindana kuona mkono wa nani una kasi zaidi. Kasi ndiyo inayoigeuza kazi hii kuwa somo, kwa sababu mkono unaokwenda polepole husamehe makosa mengi, na unaokwenda haraka hauyasamehe. Makala haya yanaeleza namna mkono huo unavyofanya kazi, kinachoupa kasi, vifaa vinavyoweza kupatikana katika miji ya kusini, tahadhari za lazima, na milango ya umma ambayo mbunifu anaweza kubisha hodi.

Mkono wa roboti ni nini?

Mkono wa roboti ni mashine yenye vipande vilivyounganishwa kwa maungio, mfano wa bega, kiwiko na kifundo cha mkono wa mwanadamu. Kila ungio huzungushwa na mota. Mwishoni huwapo kishikio, yaani vidole viwili au zaidi vya kukamata kitu. Ubongo wake ni bodi ndogo ya kielektroniki inayotekeleza maagizo yaliyoandikwa kwa programu: zungusha bega nyuzi 40, kunja kiwiko nyuzi 60, fumba kishikio.

Mkono wa kwanza wa aina hiyo kufanya kazi kiwandani uliitwa Unimate. Mmarekani George Devol aliomba hataza ya wazo lake mwaka 1954, na mwaka 1961 mashine hiyo ikaanza kazi katika kiwanda cha kampuni ya magari ya General Motors katika jimbo la New Jersey, ikishughulika na vipande vya chuma vya moto ambavyo ni hatari kwa mikono ya watu. Ilikuwa mashine nzito na ghali. Kilichowafungulia mlango watu wa kawaida ni kushuka kwa bei ya vifaa vya kielektroniki, na ujio wa bodi rahisi kama Arduino, iliyobuniwa nchini Italia mwaka 2005 ili wanafunzi wasio wahandisi waweze kuitumia.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Nchini Kenya, David Gathu na Moses Kiuna, vijana waliojifunza elektroniki wenyewe, walijulikana kimataifa kwa kutengeneza mkono wa roboti unaoendeshwa kwa ishara kutoka kichwani mwa mtumiaji. Walitumia taka za kielektroniki na mbao zilizokwisha kutumika. Hawakuanza na kiwanda wala karakana ya chuo kikuu, bali na vitu ambavyo wengine walivitupa.

Kwa nini mkono hukawia?

Anayetengeneza mkono wake wa kwanza hukutana na jambo la kushangaza. Mota aliyoinunua inazunguka haraka sana ikiwa mezani peke yake. Akiifunga kwenye mkono, mwendo unakuwa mzito, mkono unatetemeka, na wakati mwingine unagoma kabisa kunyanyuka. Wazo la kwanza linalomjia ni kununua mota kubwa zaidi. Mara nyingi wazo hilo huzidisha tatizo, na sababu yake ni muhimu kuliko jambo lingine lolote katika makala haya.

Tuanze na uzito. Mota ndogo za bei nafuu zenye uzito wa gramu 9 hupimwa kuwa na nguvu ya kuzungusha ya takribani kilo 1.8 kwa sentimita. Maana yake ni kwamba mota hiyo inaweza kuzuia mzigo wa kilo 1.8 uliotundikwa sentimita 1 kutoka kwenye mhimili wake. Mzigo ukisogezwa hadi sentimita 30, uwezo huo hugawanywa kwa 30, na kinachobaki ni gramu 60 tu. Yeyote aliyewahi kubeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa mbele anaifahamu kanuni hii mwilini mwake.

Linafuata suala la mwendo. Kila kitu kilichotulia hukataa kuanza kwenda, na kilichokwisha kwenda hukataa kusimama. Wanafizikia huuita ukaidi huo inesha. Kwa kitu kinachozunguka, ukaidi huo hutegemea uzito wa kitu, lakini hutegemea zaidi umbali wake kutoka kwenye mhimili, kwa sababu umbali huzidishwa kwa wenyewe. Mota ya gramu 55 ikifungwa sentimita 30 kutoka begani huleta ukaidi mara 36 zaidi ya mota hiyohiyo ikifungwa sentimita 5 kutoka begani. Umbali umeongezeka mara 6, na 6 mara 6 ni 36. Uzito haukubadilika hata gramu moja. Kilichobadilika ni mahali ulipowekwa.

Jambo la tatu ni gharama ya haraka yenyewe. Mkono unaoanza ukiwa umetulia ukitakiwa kufika kwa nusu ya muda wa awali, nguvu ya kuuzungusha haitoshi kuongezwa mara mbili. Inatakiwa iwe mara nne. Ukitakiwa kufika kwa theluthi ya muda, nguvu inakuwa mara tisa. Hapo mwenye kutengeneza huona kwamba mbio za kununua mota kubwa hazina mwisho. Mota kubwa ni nzito, uzito wake huukawiza mkono, na mkono uliokawia hudai mota kubwa zaidi.

Mfano wa korosho unaliweka jambo hili bayana. Katika kilo moja ya korosho ghafi huingia korosho zinazokaribia 200, kwa hiyo korosho moja ina uzito wa takribani gramu 5. Mkono wa kuokota korosho moja na kuiweka pengine, ukiwa na mota ya gramu 55 kwenye kishikio, hubeba mota yenye uzito mara 11 ya mzigo wenyewe. Nguvu yake karibu yote inaishia katika kujibeba.

Wepesi ndio siri ya kasi

Kanuni ya kwanza ya mkono wenye kasi, basi, ni kuuondolea uzito, hasa mwishoni. Mwili wa mwanadamu unaifuata kanuni hiyo. Misuli mingi inayokunja vidole haipo kwenye vidole. Ipo kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, na huvuta vidole kwa kano ndefu. Ukiweka kiganja cha mkono mmoja juu ya kigasha cha mkono mwingine na kuchezesha vidole, utaisikia misuli ikisogea. Vidole vimebaki vyepesi, ndiyo maana vinaweza kupiga ngoma au kupepeta mchele kwa wepesi.

Mtengenezaji wa roboti anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuzihamishia mota zote begani au kwenye kitako kisichosogea, kisha kupeleka nguvu mbele kwa njia nyingine. Njia ya kwanza ni kebo, kama kebo ya breki ya baiskeli ndani ya ala yake: mota inavuta kebo begani, kiwiko kinakunja. Njia ya pili ni mkanda wenye meno, wa aina inayopatikana ndani ya mashine mbovu za kuchapa karatasi. Njia ya tatu ni fito nyembamba zinazosukuma na kuvuta.

Wazo hili ndilo lililozaa mojawapo ya roboti za viwandani zenye kasi kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Reymond Clavel wa chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne, Uswisi, alibuni roboti iitwayo Delta kwa ajili ya kazi nyepesi za kufungasha, kama kupanga chokoleti kwenye maboksi. Mota zake tatu zimefungwa juu, kwenye fremu isiyosogea. Kinachotembea ni fito nyepesi tu. Aina hiyo ya roboti imeenea katika viwanda vya vyakula duniani, na inaweza kuokota na kuweka vitu vidogo zaidi ya mara 100 kwa dakika.

Wachongaji wa Kimakonde wana maarifa yanayofanana na haya tangu zamani. Sanamu inayokusudiwa kusimama na kudumu huchongwa kwa mpingo, mti mgumu na mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Kinyago cha mapiko kinachovaliwa na mchezaji wa ngoma hakichongwi kwa mpingo. Huchongwa kwa mti mwepesi na ukuta wake hufanywa mwembamba, kwa sababu mwenye kukivaa atakimbia, atageuka na atatikisa kichwa kwa ghafla. Fundi amechagua mti kwa kuangalia mwendo utakaofuata. Kijana wa Newala anayetengeneza mkono wa roboti afanye uchaguzi uleule: kitako kizito kisichoyumba, na mkono mwepesi.

Wepesi, hata hivyo, usiwe ulegevu. Mkono unaopinda utatikisika kila unaposimama, na muda uliookolewa kwa kasi utapotea ukisubiri mtikisiko uishe. Umbo lenye uwazi ndani huwa jepesi na gumu kwa pamoja. Ndiyo sababu fremu ya baiskeli hutengenezwa kwa mabomba, na ndiyo sababu mwanzi hustahimili upepo. Kipande cha mwanzi mkavu, plaiwudi nyembamba iliyotobolewa katikati, au bomba jembamba la aluminiamu la antena kuukuu vinafaa kuliko ubao mnene.

Vifaa vinavyopatikana karibu

Orodha ya vifaa si ndefu: bodi moja ya kuongozea, mota tatu hadi tano, chanzo cha umeme, mbao au mianzi, skrubu, nati, beringi ndogo, nyaya, kebo au mikanda. Bodi na mota maalumu huagizwa kutoka maduka ya elektroniki ya miji mikubwa. Vinavyobaki vinaweza kutafutwa kwa mafundi redio na simu, mafundi baiskeli na pikipiki, maseremala, na wauza chuma chakavu wa Masasi na Newala. Mashine mbovu ya kuchapa karatasi ina ndani yake mota, fito za chuma zilizonyooka, mikanda yenye meno na gia. Mwanafunzi anayeifungua kwa uangalifu hupata vifaa na somo kwa wakati mmoja.

Mpira wa tyubu kuukuu nao una kazi. Ukifungwa kati ya kitako na mkono kama kamba inayovutika, husaidia kuubeba uzito wa mkono, na mota ikabaki na kazi ya kuusogeza tu. Baadhi ya watu hutumia jiwe la kusawazisha upande wa pili wa bega, mfano wa mizani. Jiwe husaidia kunyanyua lakini huongeza ukaidi wa kuzunguka, hivyo kwa mkono wa kasi mpira au springi ni bora.

Umeme na maagizo

Mota zinazotumika zaidi katika kazi hizi huitwa sevo. Ndani ya sevo kuna mota, gia, na kihisi kinachopima pembe iliyofikiwa. Bodi huituma sevo ishara mara 50 kwa sekunde. Urefu wa kila ishara ndio agizo lenyewe: takribani milisekunde 1 humaanisha upande mmoja, milisekunde 1.5 humaanisha katikati, na milisekunde 2 upande mwingine. Sevo hulinganisha pembe iliyoagizwa na pembe iliyopo, kisha hujisahihisha. Mzunguko huo wa kuagiza, kupima na kusahihisha ndio msingi wa mitambo inayojiendesha, iwe kwenye karakana ya nyumbani au kwenye kiwanda kikubwa.

Kosa la kawaida ni kulisha mota kwa umeme wa bodi au wa kompyuta. Sevo moja ya gramu 55 ikikwama inaweza kuvuta zaidi ya ampea 2, ilhali tundu la kawaida la USB la kompyuta hutoa takribani nusu ampea. Mkono ukianza kwa nguvu, volti hushuka, bodi hujizima na kujiwasha, na mwenye mkono huilaumu programu yake bure. Mota ziwe na chanzo chao cha umeme, na waya hasi wa chanzo hicho uunganishwe na waya hasi wa bodi ili ishara zieleweke.

Programu nayo ina mchango katika kasi. Agizo la kuruka ghafla kutoka pembe moja hadi nyingine huupiga mkono kishindo mwanzoni na mwishoni. Dereva mzoefu wa basi anayeshuka mteremko wa Newala akiwa na abiria hakanyagi breki kwa ghafla. Huongeza na kupunguza mwendo hatua kwa hatua. Programu nzuri hufanya hivyohivyo: huligawa safari moja katika hatua ndogo nyingi, hatua za mwanzo na za mwisho zikiwa fupi na za kati zikiwa ndefu. Mkono ulioendeshwa kwa ulaini mara nyingi humaliza kazi mapema, kwa kuwa haupotezi muda ukitikisika.

Kasi ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Simu za kawaida hurekodi video kwa picha takribani 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ni sehemu ya 30 ya sekunde. Kwa kuisogeza video picha baada ya picha na kuhesabu, mwanafunzi anapata muda halisi wa kila mwendo. Anaandika namba, anabadilisha jambo moja tu, anapima tena. Akihamisha mota kutoka kiwikoni hadi begani ataona mwenyewe tofauti iliyoelezwa hapo juu, na hataisahau.

Tahadhari za lazima

Mkono wa nyumbani unaweza kuonekana kama mchezo, lakini kasi hubeba hatari. Mkono wenye urefu wa sentimita 40 unaozunguka nyuzi 60 kwa sekunde 0.15 husukuma ncha yake kwa wastani wa karibu mita 2.8 kwa sekunde, yaani takribani kilomita 10 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia, na ncha ya mkono iko karibu na uso wa anayeinama kuangalia. Wazazi, walimu na vijana wenyewe wanashauriwa kuzingatia yafuatayo.

Kwanza, kuwe na swichi ya kukata umeme wa mota, iliyowekwa mbali na eneo la mkono na inayofikika kwa haraka. Mkono uwashwe baada ya kila mtu kusogea, na miwani ya kinga ivaliwe.

Pili, majaribio ya kwanza yafanywe kwa mwendo mdogo na bila mzigo. Kitako kifungwe kwenye meza kwa bolti au vibano.

Tatu, mtoto asifungue televisheni kuukuu ya kioo kinene wala kifaa cha kubadili umeme wa gridi. Vifaa hivyo hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi.

Nne, betri za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta au simu mbovu zisitobolewe, zisibanwe na zisichajiwe kwa chaja isiyo yake, kwani zinaweza kuwaka moto. Betri iliyovimba isitumike kabisa.

Tano, nyaya zisichomwe moto ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ya nyaya ni sumu kwa anayechoma na kwa majirani.

Kutoka mkono mdogo hadi karakana ya korosho

Ieleweke wazi kwamba mkono wa mianzi wenye mota nne hautabangua korosho za wilaya nzima. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi na kuharibu vifaa, na korosho hazilingani kwa ukubwa wala umbo, jambo linaloifanya kazi ya kubangua kuwa ngumu kwa mashine. Mikono ya watu, wengi wao wanawake, bado inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo katika vikundi vidogo. Hakuna sababu ya kuwatisha wala ya kuwaahidi miujiza.

Faida ya mkono huu iko katika maarifa anayobaki nayo aliyeutengeneza. Mota, gia, mkanda, kihisi, swichi, programu na mrejesho ni viungo vilevile vinavyopatikana katika mashine ya kuchambua korosho kwa ukubwa na katika mizani ya kielektroniki ghalani. Hata mfumo unaowasha na kuzima pampu ya maji una sehemu ya viungo hivyo, na hilo si jambo dogo kwa wakazi wa juu ya uwanda wa Makonde, ambao kwa miongo mingi wamelazimika kusukumiwa maji kutoka mabondeni. Kijana aliyewahi kutafuta kwa nini mkono wake unatetemeka ataweza kusimama mbele ya mashine iliyokwama na kuuliza maswali sahihi: umeme unafika? Kihisi kinapima? Gia imelegea? Mkanda umekatika? Mashine yenye mtu wa namna hiyo jirani haisubiri mgeni kutoka ng’ambo ili iamke.

Milango ya umma kwa wabunifu

Vijana wenye nia hawalazimiki kwenda peke yao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoboreshwa ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, imeweka mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla katika elimu ya sekondari. Kazi ya mkono wa roboti inagusa fizikia, hisabati, useremala, umeme na kompyuta kwa pamoja, hivyo inafaa kwa klabu ya sayansi ya shule hata pale ambapo vifaa ni vichache.

Kwa mashindano, yapo Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, maarufu kama MAKISATU, yaliyoanzishwa mwaka 2019 na wizara yenye dhamana ya elimu, ambayo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, hushiriki kuyaendesha. Mashindano hayo yana makundi ya shule za msingi, sekondari, vyuo, na pia wabunifu wa mfumo usio rasmi. Maana yake ni kwamba fundi wa mtaani asiye na cheti anakaribishwa sawa na mwanafunzi wa chuo kikuu. Kwa wanafunzi wa sekondari, lipo pia shindano la Wanasayansi Chipukizi Tanzania, YST.

Kwa ujuzi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, hutoa mafunzo ya umeme, elektroniki na ufundi mitambo, na hupima ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini ili waweze kutambuliwa rasmi. Kwa anayetaka kugeuza wazo kuwa bidhaa, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lina ofisi mkoani Mtwara. Na kwa anayeamini kuwa amegundua jambo jipya, ni vyema awasiliane na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kuhusu hataza kabla ya kulionesha hadharani, kwa kuwa upya wa uvumbuzi ni sharti mojawapo la kulindwa kisheria.

Hatua ya kwanza

Anayetaka kuanza hahitaji kusubiri vifaa vyote. Mota moja, kipande cha mwanzi cha sentimita 30 na bodi moja vinatosha kwa jaribio la kwanza. Afunge uzito mdogo mwishoni mwa mwanzi, apime muda wa kuzunguka nyuzi 60, kisha ausogeze uzito uleule karibu na mhimili na kupima tena. Tofauti ya namba hizo mbili itamfundisha jambo ambalo wahandisi wa viwanda vikubwa hulifanyia kazi kila siku.

Wilaya za Masasi na Newala zina mafundi waliorithishana, kizazi hadi kizazi, namna ya kuuchagua mti kwa kuangalia kazi yake. Zina shule, zina vijana wenye hamu, na zina zao ambalo thamani yake kubwa bado huvuka bahari likiwa ghafi. Siku mitambo mipya itakapofungwa, swali litakuwa ni nani ataifungua inapokwama. Ni heri jibu lianze kuandaliwa sasa, kwa mwanzi, kebo ya breki na mota moja juu ya meza ya seremala.